Gilisi

Kila fundi wangu anapofungua kopo la grisi, mimi hutoka nje nikijifanya nimepigiwa simu. Harufu ile hunirudisha Tukuyu, kando ya barabara, mvua imetoka kukatika.

Baba alikuwa amelala chali juu ya gunia, chini ya pikapu yake kuukuu, miguu imetokeza, akipaka grisi reki ya usukani, chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu. Usukani ule ulikuwa mgumu, na wakati huo magari ya Kijapani yalishaanza kuingia, ya kuzungusha kwa kidole kimoja. Binti wa mwenye duka, niliyesoma naye, alishuka kwenye moja la hayo.

“Gilisi ikifika kwenye leki, itakuwa laini,” baba alisema kwa sauti. Kinyakyusa hakina r, naye hakuwahi kuihangaikia.

Mwenzangu akacheka. “Huyo nani?”

“Fundi wetu,” nikajibu.

Miguu ikatulia. Baba akajivuta nje taratibu, akafuta mikono kwa jani la mgomba, akanitazama kama mtoto wa mteja.

“Binti, kamwambie baba yako usukani sasa ni mwepesi.”

Ujumbe huo sijaufikisha hadi leo.