Mwalimu Nestor Aliporudi Darasani

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, mwalimu wetu wa falsafa aliporudi darasani baada ya kumzika binti yake. Nimeikumbuka tangu juzi uliponishika mkono mbele ya watu waliokuja kumlilia bibi yako, mama yangu, ukaniambia kwamba Wastoa, wale wanafalsafa wa kale wa kuvumilia, walifundisha mtu asihuzunikie yale asiyoyaweza. Leo ndipo nakujibu, maana karibuni unaanza kufundisha, na watoto watakuamini.

Mwalimu huyo aliitwa Nestor, jirani yetu hapa hapa mtaani Ngagara. Alizungumza juu ya wanafalsafa kama watu waliokula naye jana. Kuna walioamini kwamba fikra ndizo za kweli na vitu ni vivuli vyake, na wengine wakaamini kile tu kinachoonekana na kupimika. Kuna waliouliza kila wazo linatufaa nini maishani, na kuna waliosema mtu hujichagulia mwenyewe awe nani. Kila kundi, alituambia, lina shule yake: moja inamlea mtoto kwa maadili, nyingine kwa sayansi, nyingine kwa kazi, nyingine kwa uhuru. Tulimpenda sana. Mimi nilitaka kuwa yeye.

Kisha Godeliva, mtoto wake wa pekee, akashikwa na malaria, na kabla hatujajua kama ni mgonjwa tukasikia amekufa.

Siku ile alisimama mbele yetu, chaki mkononi, asiandike kitu. Rafiki yangu Swedi, mtoto wa mtaa wa Jabe, asiye na ubaya wowote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile mafundisho ya kuvumilia, sasa inakusaidiaka?"

Mwalimu akavuta kiti, akakaa.

"Apana," alisema. "Nimejaribu yote. Nilijiambia mutoto ni roho, roho haifi. Lakini mi natafuta sauti yake, natafuta viatu vyake mulangoni. Nikajiambia niangalie mambo vile iko. Vile iko, ni kaburi. Nikajiambia nichague kuishi. Nachagua kila asubui, na saa sita sijui tena nilichagua nini."

"Sasa tusome nini, Mwalimu?"

"Tusome tu. Mutihani iko karibu."

Alimaliza masomo yote ya mwaka ule, lakini hakutuuliza tena swali hata moja. Baada ya mtihani aliacha kazi. Mama alikuwa akimpelekea chakula, nacho kikirudi hakijaguswa. Alikufa kabla sijapata darasa langu la kwanza. Makaburini watu walinong'ona kwamba msomi ameshindwa na elimu yake. Nilikasirika, mwanangu, ila sikuwa na la kuwajibu. Mpaka leo sina. Nimefundisha mpaka nimestaafu, nimezeeka, na tangu bibi yako aondoke nafungua vitabu vyangu navifunga vilevile. Hakuna kinachoniambia neno.

Basi sikiliza. Wafundishe watoto falsafa zote, usiwafiche hata moja. Zitawasaidia kumtambua anayewadanganya, na kujua kwa nini shule hii inamnyamazisha mtoto na ile inamsikiliza. Hilo si dogo. Lakini usimpe aliyefiwa falsafa kama unavyompa mtu kidonge cha kichwa. Na siku mwanafunzi atakapokuuliza kama mambo haya yanasaidia, usitafute jibu la kupendeza. Ukiwa hujui, mwambie hujui, kisha ukae naye pale alipo, hata kengele ikilia.

Mwenyezi Mungu akupe wanafunzi wanaothubutu kuuliza. Akucheleweshee uchungu huu, akucheleweshee sana. Na siku utakapokufikia, maana utafika, usikukute uko peke yako nyumbani.