Chai ya Kumngojea Mama

Juzi, ndani ya treni ya chini ya ardhi, mwanamke mmoja alifungua chupa ya chai mbele yangu na harufu ya iliki ikajaa behewa zima. Abiria wengine waliendelea na simu zao. Mimi nilijikuta nikiutazama mlango kana kwamba kuna mtu anayetakiwa kutokea pale. Huenda ninyi mnaonisoma iliki huwakumbusha pilau na sikukuu. Mimi hunikumbusha ukuta wa matofali upande wa Hounslow, pembeni mwa London, na hofu.

Nilikuwa na miaka minane. Mimi na mama tulitoka Bukavu, tukaomba hifadhi, tukapewa chumba kimoja juu ya duka la mazulia tungojee jibu. Wakati huo wote mama alitakiwa kwenda kusaini mara kwa mara katika jengo la serikali, ili wajue hajatoroka. Kusaini kwenyewe ni jambo la dakika chache. Lakini kila mwombaji hifadhi tuliyemfahamu alikuwa na habari ya mtu aliyeingia kusaini akatolewa kwa mlango wa nyuma, akapelekwa kizuizini, kisha uwanja wa ndege. Na uwanja ulikuwa jirani. Ndege zilipita juu ya jengo lile chinichini, magurudumu yakiwa nje, nami niliyakagua madirisha ya kila moja. Sikujua kwamba zile zilikuwa zinatua. Kwangu zote zilikuwa zinaondoka.

Ndiyo maana alikuwepo Koko Kusum. Koko ni bibi, kwa usemi wa kwetu. Alikuwa Mhindi aliyeishi Stanmore, mtaa mwingine wa London, mfupi, mjane, mwenye koti la kijivu lililonuka naftalini, aliyeuza vitambaa mpaka alipolichoka duka lake. Yeye na wanawake wenzake walipeana zamu: mtu akienda kusaini, mmoja wao husimama nje mpaka atoke. Kazi yao ilikuwa hiyo tu, kusimama. Ukichelewa, aliye nje humpigia simu wakili wako upesi, kabla hujapelekwa mbali. Namba ya wakili wetu Koko aliiandika kwa kalamu kiganjani, kwa sababu simu, alisema, huzima ikijisikia.

Alizaliwa Jinja, Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na jikoni. Cha mama kilikuwa cha Bukavu. Walielewana nusu, na nusu nyingine waliicheka. "Bakia na Koko," mama aliniambia kila mara pale mlangoni. "Niko nakuya sasa hivi." Halafu aliingia bila kugeuka nyuma. Nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba aendaye penye hatari haagi.

Koko naye alikuwa na sheria yake. Chevda, vitafunwa vyake vya Kihindi vya pilipili, niliruhusiwa kula muda wowote, na niliila mpaka midomo ikawasha. Lakini chai haikumiminwa mpaka mama atoke, hata baridi ikaze vipi. "Chai ngoja mama," alisema, akaikumbatia chupa ndani ya koti. Harufu ilipenya kwenye kifuniko, nami nilijibanza pale nikinusa. Chai ikimiminwa, maana yake mama yupo.

Asubuhi moja, mama akiwa ndani, nilitumbukiza mkono katika mfuko mwekundu wa Koko kutafuta chevda. Nilichoshika kilikuwa laini. Kilikuwa gauni langu la kulalia lenye picha za bata, lililopotea siku nyingi, ambalo mama alisema labda limebaki kwa dobi. Chini yake palikuwa na soksi zangu, chupi zangu na mswaki mpya, vyote vimekunjwa vizuri.

Niliutoa mkono polepole kama mtu aliyegusa nyoka. Kule Bukavu nilisikia habari za watu wanaoiba watoto, na shuleni msichana mmoja aliniambia kwamba London watoto huchukuliwa wakapewa watu wengine. Nikaunganisha mambo. Koko hakuwa na mjukuu hata mmoja, mwenyewe alishasema. Kumbe alikuwa ananisubiri mimi. "Kikulacho ki nguoni mwako," mama alipenda kusema, na hapa methali ilikuwa imetimia mpaka kwenye nguo yenyewe. Sikumwambia mama. Niliogopa kwamba akimfukuza Koko hatutakuwa na mtu wa kusimama nje, na niliogopa zaidi kwamba hatamfukuza.

Siku mama alipochelewa kulikuwa na mvua ya London, ile nyembamba isiyo na kelele. Watu walioingia baada yake walitoka wakaenda zao. Koko aliacha kuzungumza. Alitazama mlango, akatazama kiganja, akatazama mlango tena. Kisha akapiga simu na kuongea Kiingereza cha haraka ambacho sikukifuata, sauti ikimpanda. Alipomaliza aliuhamishia mfuko mwekundu bega la pili, akaninyooshea mkono.

"Njoo, Furaha. Mvua mingi. Sisi kaa pale stendi ya basi."

Stendi ya basi! Nilijua sasa ndiyo nachukuliwa. Nilikimbia mpaka mlango wa jengo, nikakumbatia chuma cha ngazi, nikamwita mama kwa Kiswahili, kwa Mashi, lugha ya kwetu, na kwa Kiingereza changu kichanga. Mkojo ulinishuka miguuni. Mlinzi alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Koko alinifuata kwa magoti yake mabovu, nami nikafumba macho nikingoja kuvutwa.

Hakunivuta. Aliuweka mfuko chini kwenye maji, akafungua koti, akanifunika nusu.

"Mama atatoka?" nilimwuliza.

"Mimi hapana jua," alisema. "Lakini mimi hapana kwenda. Wewe shika chuma. Mimi nashika wewe."

Ndege ikapita juu yetu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kwamba hajui. Sikio langu lilikuwa kifuani kwake, nikausikia moyo wake ukienda mbio kama wangu. Sikuacha kuogopa, ila niliacha kumwogopa yeye.

Mama alitoka kwa mlango uleule, uso umesawajika, kilemba mkononi. Koko alihangaika na kifuniko cha chupa, na chai ya kwanza ikamwagikia viatu vya mama. Iliki ikatanda. Tulikunywa sote watatu kwa kikombe kimoja. "Koko, chai yako haina sukari," mama alisema, na hapo ndipo alipolia.

Walikuwa wamemweka chumba cha ndani. Simu ya Koko ilimwinua wakili, na simu ya wakili ikamtoa mama. Hilo nilielezwa mapema, na hatimaye karatasi zetu zilikuja. Habari ya mfuko nilichelewa kuijua. Nilikuwa nimeshamaliza shule siku tulipokwenda Stanmore kumjulia hali Koko, aliyekuwa mgonjwa, nikauliza kwa kucheka kwa nini aliwahi kuniibia gauni. Mama hakucheka.

"Ni miye nilifunga ule mfuko," alisema. "Ulipokuwa unakomaa, nilikuwa nabadilisha nguo za mule ndani."

Walikuwa wamekubaliana kwamba mama asipotoka, nilale kwa Koko, niende shule kama kawaida, na Koko ahangaike mpaka tukutanishwe. Gauni la bata lilikuwa sharti la Koko. Yeye alifika nchi hii akiwa msichana, baada ya kufukuzwa Uganda pamoja na wazazi wake, na watu wema wakawapa supu, mablanketi, na nguo za kulalia za mtoto mwingine. "Watu mzuri sana," alisema pale kitandani, akikunja pua baada ya miaka yote hiyo. "Lakini harufu ya mtoto ingine. Mimi nalia mpaka asubuhi."

Nilitoka nje nikasimama bustanini kwake. Kumbe kila mara mama alipoingia katika jengo lile, alikuwa ameshanikabidhi. Alilikunja gauni langu kwa mikono yake, kwa ajili ya usiku ambao yeye hangekuwepo. Na mimi miaka yote nilidhani hageuki kwa sababu ya mafundisho ya kwetu tu, wala haogopi.

Siku hizi nami nina zamu, nje ya jengo jingine. Wiki iliyopita nilisimama na msichana mdogo kutoka Goma, mama yake akiwa ndani. Alichungulia mfuko wangu, akaziona pajama zake, akainua macho kunitazama. Mtazamo ule naufahamu. Nikachuchumaa nikamweleza kwamba ni zake kweli, na kwamba mama yake ndiye aliyezikunja. Akafikiri.

"Mama atatoka?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. "Sijui," nilimwambia. "Lakini mimi siendi popote."

Akashika upindo wa koti langu. Baadaye akaomba chai, nikamwambia chai inamngojea mama, tukageuka wote wawili kuutazama mlango.