Mtu wa Behewa la Mwisho

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nilikatiwa tikiti ya treni kwa sababu moja tu: nilijua kusoma. Nyanya yangu, Dani kama tunavyowaita bibi zetu huku Rangwe, alikuwa anakwenda Nairobi kumchukua mwanawe wa mwisho, naye hakujua hata herufi moja. Alihitaji macho ya kusoma vibao vya stesheni, na shule zilikuwa zimefungwa, basi macho yakawa yangu.

Mwana huyo alikuwa baba yangu mdogo, Omondi. Mimi sikuwahi kumwona. Aliondoka kabla sijazaliwa, baada ya kugombana na babu juu ya fahali wake aliyeuzwa bila yeye kuulizwa, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena boma lile. Hakurudi hata babu alipozikwa. Halafu siku moja habari zikatufikia kwamba Omondi mwenyewe amekufa, tena amekwisha kuzikwa huko huko Nairobi na watu wasiojua kwao ni wapi.

Kwetu mtu haachwi hivyo. Mwili usipoweza kuletwa nyumbani, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu na zito la mti wa mvungunya. Dani alilichuma kando ya mto wetu, akalibeba mpaka makaburi ya Lang'ata, akalilaza juu ya udongo wa Omondi na kusema nalo kwa sauti ya chini, muda mrefu, huku mimi nikiona haya kwa sababu watu walikuwa wanapita. Kisha akalifunga kwa shuka jipya, na jioni tukapanda treni ya Kisumu. Alikata tikiti tatu.

Mkaguzi alipofika aliangalia tikiti, akatuangalia, akaangalia kiti cha tatu.

"Mama, hapa anakaa nani?"

"Kijana yangu," Dani akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nalipia yeye kiti. Yeye iko hapa." Akaweka mkono juu ya shuka.

Mkaguzi alisimama kidogo. Kisha akavua kofia, akatoboa tikiti zote tatu, moja baada ya nyingine, akasema, "Pole sana, mama." Mpaka leo nampenda mtu yule.

Kazi yangu ilikuwa hii: kila stesheni nisome jina, na Dani alitaje mbele ya shuka. Mtu anayerudishwa kwao lazima aambiwe anapita wapi, hasa anapovuka mito. Ukimnyamazia mahali, anabaki hapo hapo. Usiku Dani aliuliza wasafiri wengine, akaniacha nilale. Kulipokucha tulikuwa tunaikaribia Molo, nikapewa dirisha la upande wa kulia.

Jamani, nchi hii! Mimi nilikuwa najua Rangwe, na Homa Bay siku za soko, nikidhani dunia inaishia ng'ambo ya ziwa. Sasa niliona majani yamelala meupe kwa baridi, kondoo wakitoa mvuke puani, msitu mweusi usiokwisha, halafu bonde linafunguka chini yetu ghafla. Tulipita juu ya madaraja marefu, chini nikaona vilele vya miti badala ya mashina. Nilisahau kumeza mate.

"Londiani," nilisoma.

"Omondi, hapa ni Londiani," Dani akasema. "Kuna baridi. Usishuke, si kwetu."

Baada ya Londiani reli inateremka kwa kujipindapinda. Treni ikikata kona upande wako, ukichungulia nyuma unaliona behewa la mwisho kabisa. Katika kona moja ya namna hiyo nilimwona mtu. Alikuwa mlangoni mwa behewa lile, ameinama nje, shati lake la manjano likipeperuka, uso wake ameuelekeza mbele tunakokwenda.

"Dani, kule nyuma kuna mtu anachungulia."

Dani hakugeuka. Akauliza, "Amesimama au amekaa?"

"Amesimama."

"Basi bado hajaamua."

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kisumu, mfanyabiashara wa mitumba, ambaye tangu alfajiri alikuwa akitafuna njugu na kunitania kwamba nitaanguka dirishani niokotwe na nyani. Akaacha kutafuna.

Kona iliyofuata alikuwa bado yupo.

"Anashika chuma kwa mkono gani?" Dani aliuliza.

Nilikaza macho. "Wa kushoto."

Dani akafunika mdomo kwa kiganja. Mama wa mitumba akamnong'oneza, "Kwani alikuwa wa kushoto?"

"Babake alimchapa ili aache, mpaka babake ndiye akachoka."

Sikuwa nimewahi kuambiwa habari za mkono huo. Dani alilisogeza shuka karibu na paja lake, akaanza kusema kana kwamba behewani hamna watu.

"Omondi, baba yako alishakwenda. Hakuna wa kugombana naye tena. Fahali alikuwa wako, nami nilijua. Siku ile nilipaswa kusema, nikanyamaza, nikaogopa mume wangu. Sasa nasema. Twende nyumbani, mwanangu. Ukikataa, mimi nitazeeka nikiangalia njia tu."

Hakuna aliyecheka. Watu wa viti vya jirani walishusha sauti zao. Treni ikateremka hadi Fort Ternan, ikaingia Koru, hewa ikaanza kuwa na joto la kwetu, na kila kona mama wa mitumba akanigusa bega: "Angalia, mtoto, angalia." Amesimama. Amesimama bado.

"Ile mbele ndiyo kona ya mwisho," akasema mama yule. "Baada ya hapo ni miwa na reli imenyooka."

Nilitoa kichwa chote nje. Behewa la mwisho lilijitokeza polepole, shati la manjano nalo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, miguu ikining'inia, kama mtu aliyechoka kubishana.

"Amekaa!" nilipiga kelele. "Dani, amekaa!"

Dani alilia. Tangu habari za kifo zilipofika nilikuwa sijaona chozi lake, sasa machozi yalishuka yote, na mama wa mitumba akalia naye ingawa hakuwa amefiwa na mtu.

Kisumu nilitaka kukimbilia behewa la mwisho. Dani alinishika mkono. "Mtu akirudi kwao hachunguliwi. Tangulia, atafuata." Tukaondoka bila kugeuka mpaka kituo cha magari ya Homa Bay. Kesho yake yago likazikwa mahali kilipokuwa kibanda cha Omondi, na Dani akala ugali wa kushiba, akalala usingizi mzito mchana kweupe.

Treni ile ilikoma miaka mingi, kisha ikarudi, nami nikaipanda makusudi. Asubuhi nilisimama mlangoni upande wa kulia, nikainama nje kutazama mbele. Chuma nilikishika kwa mkono wa kushoto. Upande ule hakuna njia nyingine. Na shati la manjano linaweza kuwa la yeyote, labda kibarua wa miwa aliyekwepa nauli.

Nilimweleza Shangazi haya, binti mkubwa wa Dani, nikamuuliza kuhusu ule mwiko wa kutogeuka safarini.

"Mwiko gani?" akashangaa. "Mito ndiyo huambiwa. Kugeuka, mtu anageuka tu."

Dani alikuwa na macho makali ya mbali. Alimtambua ndama wetu akiwa ng'ambo ya mto. Angechungulia mara moja tu angejua.

Nilichukuliwa kwa sababu ya kusoma, hilo ni kweli. Lakini tangu kona ile ya kwanza nadhani niliachiwa dirisha kwa sababu nyingine. Mimi sikuwahi kumwona Omondi, kwa hiyo nisingeweza kumwambia Dani kwamba si yeye.