Kasha Lisilopitisha Maji

Kasha lilitakiwa kulinda kifaa kidogo cha kuita msaada: mzee akianguka anabonyeza kitufe, simu ya ndugu yake inalia. Nilipewa kazi ya kulichora katika karakana ya Kariakoo nilikokuwa nikifanya mafunzo kwa vitendo. Wenzangu wote walitoka vyuoni. Mimi kuchora kwa kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa video za mtandaoni, na kila mchoro wangu niliogopa kwamba ungeniumbua. Kwa hiyo nilirudia na kurudia. Kila kasha lililotoka kwenye mashine ya kuchapa plastiki nililipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Nikalizamisha kasha kwenye ndoo, nikalifungua: kavu kabisa.

Niliomba bibi yangu awe wa kwanza kulijaribu. Anaishi peke yake ghorofani, Mchafukoge, na alishawahi kuteleza bafuni, akabaki sakafuni mpaka jirani aliposikia. Tangu hapo, akichelewa kupokea simu, napiga tena na tena. Nilimfunga kasha mkononi kwa mkanda uliobana, lisicheze.

Wiki iliyofuata nilipita kwake kabla ya adhuhuri. Kasha lilikuwa juu ya friji. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika.

"Bibi!"

"Hata shikamoo hakuna, mume wangu? Ngoja nitawadhe."

Nilisimama mlangoni nikisikiliza ndala zake kwenye vigae. Akatoka, mikono inachuruzika.

"Shikamoo. Mbona umelivua?"

"Marahaba. Sasa nitatawadhaje nalo? Saa naisogeza, maji yanapita. Hilo limening'ang'ania. Mume gani anamtia mkewe pingu?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Natawadha kila siku, lakini muda wote wa kuchora niliyaona maji kuwa adui wa kifaa tu. Pale anapoweza kuanguka ndipo alipokuwa akilivua.

Nilianza upya: kasha la kuvaa shingoni kwa kamba, mahali udhu haufiki. Msimamizi wangu aliniuliza kama nina uhakika safari hii. Nilimwambia sina. La kwanza la shingoni lilitoka mashineni na ukingo uliopinda. Nilimpelekea bibi ili nipime urefu wa kamba tu, nikamwambia nitaondoka nalo nikalinyooshe.

"Utalinyoosha mpaka lini? Adhana hiyo."

Akalitumbukiza ndani ya dera, akaingia nalo bafuni.

Ukingo bado umepinda. Kila nikienda kwake nauona. Sijamwomba anirudishie.