Sakafu ya Mama Konsolata

Nilitoka Mwanza kwa sababu Mzee Katibu Mkuu wa kanisa moja la Kigali, mwandishi wa vitabu vya ibada, alikuwa anastaafu na alitaka niyaandike maisha yake. Vitabu vyake vingi vinahusu unyenyekevu, na kila jalada lina picha yake. Mama yangu anavipenda. Mimi vinanipa usingizi.

Asubuhi baada ya kufika nilipanda kwake kwenye kilima cha Rebero. Alinionyesha kiti, yeye akakaa kwenye kirefu zaidi.

"Ndugu mwandishi, mimi ni mtumishi mdogo tu," akasema, akangoja nibishe. Nikafungua daftari.

Akanisomea kisa anachokipenda kutoka kitabu chake cha mwisho: alivyomtembelea mjane wa mtaa wa Batsinda, Mama Konsolata, akamkuta hana chakula wala kiti, wakaketi wote sakafuni wakala mkate alioleta yeye. Hiki, alisema, lazima kiwemo.

Mchana nikachukua pikipiki hadi Batsinda. Kabla sijajieleza vizuri, Mama Konsolata alikuwa ameshaniketisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Akafungua Fanta mbele yangu, akaonja kidogo kwanza, kama desturi ya huko, mgeni ajue ni salama. Nilipomtajia kile kisa alishika kichwa.

"Yesu weee! Mimi nikalishe mgeni chini? Viti iko! Fanta niliweka! Yeye hakuingia, rwose, hata kidogo. Gari iko pale kwa barabara, akaomba Mungu ndani, dirisha imefunga, sababu ya vumbi. Mkate ni dereva alileta."

Kitabu kilikuwa kimesomwa kanisani kwao, na wifi yake hakukanyaga tena nyumbani kwake kwa aibu. "Mwanangu, toa hiyo kitu," akasema, akilia. Nilikasirika mpaka Fanta ikanishinda.

Jioni nilirudi Rebero. Mzee alisikiliza huku akifuta miwani.

"Wasomaji wamebarikiwa sana na ile sakafu," akasema.

"Basi Mzee, nenda ukamwombe radhi."

"Na lile vumbi, ndugu yangu? Na kifua changu hiki?"

Mtu ameandika kitabu kizima juu ya kuosha miguu ya wengine, anaogopa vumbi!

Jumapili nilisali Batsinda. Wakati wa ushuhuda ulipofika nikasimama. Wazee wa kanisa walitazamana, lakini ushuhuda haukatizwi, hata wa mgeni. Nikaeleza kiti nilichokalia, Fanta niliyofunguliwa, na gari ambalo dirisha lake halikufunguka. Mama Konsolata alisimama akapiga vigelegele.

Ibada ilipokwisha, wifi yake alitangulia kuingia nyumbani kwa Mama Konsolata, akaketi, akaagiza Fanta kwa sauti ya kusikika barabarani.

Nimerudi Mwanza bila ile kazi ya Mzee, na sijuti hata kidogo. Nimejifunza kwamba ukitaka kuandika maisha ya mkubwa wa dini, mpite yeye, ukapige hodi kwa wale anaosema aliwatembelea.