Swala Wasio na Pembe

Kwanza nilisikia kisu. Kabla taa haijawashwa, kabla sijajua kama nimeamka, kulikuwa na sauti ya chuma juu ya jiwe upande wa pili wa pazia: srrr, kimya, srrr. Baba alikuwa akinoa kwa kupapasa. Kazi hiyo hakuihitajia mwanga, na mwaka ule mwanga wenyewe ulikuwa umeanza kumpungukia.

Tuliishi Kayole, ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Upande mmoja walilala Baba na Mama. Upande wa pili nililala mimi pamoja na magunia ya vipande vya mti wa muhugu, kwa maana Baba alikuwa mchongaji. Alichonga swala kwa ajili ya maduka ya watalii mjini, nami nilivipiga msasa vinyago vyake tangu nilipokuwa mtoto. Nilipomaliza kidato cha nne, dole gumba langu lilikuwa likikijua kichwa cha swala kuliko lilivyoijua kalamu.

Jumamosi za kiangazi Baba alikuwa na kazi nyingine. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku nchini tangu nikiwa mchanga, lakini ranchi chache zilipewa kibali cha kupunguza wanyama waliozidi majani. Ranchi moja ya upande wa Athi ilimchukua Baba, si kupiga bunduki bali kuona. Alisimama nyuma ya pikapu akiwa na darubini, akamwambia mpigaji: yule. Mpigaji alikuwa askari mstaafu wa wanyamapori, Mkamba kama sisi, mtu wa mzaha mwingi na risasi chache. Baba alirudi nyumbani na shingo na ini, na nguo zake zikinuka nyasi badala ya moshi wa Dandora.

Mwanzo wa msimu walipigwa madume. Mwisho wa msimu, mawingu yanapoanza kukusanyika, kilichobaki kwenye kibali ni majike tu, swala wasio na pembe. Hapo ndipo maneno yalipokuwa yakianza kwenye ngazi zetu.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama kutoka Kakamega aliyekaanga mandazi kwenye kibaraza cha ngazi, alikuwa hampitishi Baba bila kumchokoza kwa ulimi.

"Baba yao, leo ni swala kweli, ama mmetuletea punda?"

"Punda ana pembe?" Baba akajibu, akiushikilia mfuko kifuani.

"Hana."

"Haya."

"Na huyo wenu ana pembe?"

"Hana."

"Basi!" akasema mama yule, na ngazi nzima ikacheka, kuanzia ghorofa ya chini hadi kwenye matangi ya maji.

Lakini alipomaliza kucheka aliuliza kwa dhati. Kwao, alisema, kuku anayetaga hachinjwi hata mgeni awe askofu. Ninyi mnawezaje kumpiga jike?

Baba aliweka mfuko chini. "Kwenu boma moja lina majogoo wangapi?"

"Mmoja. Wawili."

"Ukila jogoo kila Krismasi, mwaka unaofuata una kuku wengi zaidi au wachache?"

"Wengi."

"Na mahindi?"

"Mahindi ni yale yale."

"Ndiyo hivyo. Ukiua madume peke yake, dume mmoja aliyebaki atawatosha wote, watazaa, na nyasi zitaisha. Halafu watakufa wote kwa njaa, na huko hakuna hata atakayekula supu. Tena dume wakati huu ni mifupa, amemaliza mafuta yake akipigana. Jike bado ana nyama."

Mama yule aliligeuza andazi. "Sawa. Lakini kiangazi kikiisha, ukimpiga mmoja, pengine umewapiga wawili."

Baba aliokota mfuko wake akaingia ndani. Alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa babu, aliyewinda kwa upinde: aliyemchagua mnyama ndiye atakayempasua. Jicho lisije likasema yule kisha mkono ukajificha mfukoni. Kwa hiyo yale aliyoyasema jirani, Baba alikuwa ameyashika mwenyewe kwa vidole vyake, zaidi ya mara moja.

Mwaka ule ubaya mwingine uliongezeka. Mwisho wa kiangazi madume wachanga huwa wamekua mwili wa jike, na pembe zao bado zimefichwa na manyoya. Kwa mbali ni jike. Baba alikosea mmoja, na Jumamosi iliyofuata akakosea mwingine. Msimamizi wa ranchi aliwaona wametundikwa bandani, akamwambia, "Mzee, nikiona dume mwingine hapa, kiti chako kwenye pikapu ni cha mtu mwingine." Kibali kiliandikwa majike, dume asiyetakiwa angeweza kuwaondolea ruhusa ya mwaka unaofuata.

Nilijua kilichokuwa hatarini, na hakikuwa shingo wala ini. Wachongaji wengine kwenye karakana za mjini walichonga swala wa swala wa mtu mwingine, kinyago kikinakili kinyago, mpaka miguu ikawa ya meza na shingo ikawa ya chupa. Swala wa Baba walikuwa kama wamesikia kitu. Hali hiyo aliipata pale, nyuma ya pikapu. Akikosa kiti kile angebaki na kumbukumbu, na kumbukumbu nayo huchakaa.

Basi asubuhi ile, niliposikia kisu, niliamka nikavaa raba.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Na Baba."

"Msichana? Kwenye gari la wanaume wenye bunduki?"

"Nina macho, Mama."

Akamgeukia Baba amuunge mkono. Lakini mimi nimerithi jina la mama yake Baba, na kwetu jina hilo halibebwi bure. Tangu nizaliwe ameniita *mwaitu*, mama yangu. Aliponituma dukani aliniomba kama mtu anayemwomba mzazi wake, na nilipokasirika utotoni alinyamaza mpaka nimalize.

"Mama amesema anakwenda," akamwambia Mama. "Mimi nitamkataza kama nani?"

Kwenye steji ya Spine Road vijana walituona, Baba na kisu chake ndani ya gunia, mimi na mfuko wenye chupa ya uji.

"Niaje, sistee! Unaenda kuwinda ama kuwindwa?"

"Namtafuta mwenye kichwa kama chako," nikasema. "Kisicho na kitu juu wala ndani."

Mwenzake alicheka mpaka akakumbatia nguzo ya stima. Baba alitazama mbele, lakini niliona bega lake likitikisika.

Msimamizi hakupenda kuniona. Baba alimwambia nimekuja kumbebea mfuko, na kwa kuwa hilo halikuwa uongo, nikapanda.

Nyasi zilikuwa zimekwisha. Hiyo ndiyo faida ya mwisho wa msimu, hakuna pa kujificha. Swala wote wanakuja kwenye hodhi la maji ya ng'ombe. Lakini nao wanajua. Wamekwisha kusikia bunduki tangu mwanzo wa kiangazi, hivyo hawasimami. Wanakunywa mmoja mmoja, shingo moja chini, nyingine zote juu, na kundi linazunguka kama maji kwenye karai.

Baba alitazama kwa muda mrefu. Alifuta lenzi, akatazama tena.

"Yule wa kushoto," akasema. "Kando ya mgunga."

Mpigaji akalaza shavu lake kwenye bunduki.

Sikuwa na darubini, lakini mnyama yule alikuwa karibu kuliko wengine, na aligeuza kichwa kufukuza nzi. Niliona paji la uso kati ya masikio. Lilikuwa pana. Mchongaji akitaka dume huacha mti kidogo pale, mahali pembe zitakapokaa. Akitaka jike huuchonga ukawa mwembamba. Upana ule niliupiga msasa miaka yote. Dole gumba langu lilijikunja lenyewe.

"Acha!" nikasema.

Mpigaji hakuinua uso. "Nani amesema acha?"

"Msichana, nyamaza," akasema msimamizi.

Baba alishusha darubini polepole. Angeweza kunitetea au kunikemea, na kwa vyovyote vile kila mtu pale angejua macho yake yamefika wapi. Alisema, "Mama amesema acha."

"Mama gani?" akauliza msimamizi.

"Mama yangu. Huyu."

Mpigaji aliondoa kidole kwenye bunduki. "Mimi mama ya mtu akisema acha, sina risasi ya kumbishia."

Tulingoja. Mnyama yule akasogea mpaka jua likawa nyuma yake, na hapo msimamizi, akiwa na darubini yake mwenyewe, aliona vijinundu viwili vimejitokeza kwenye manyoya, kama mbegu za mahindi zinazotaka kuota.

Hakusema pole. Alisema, "Basi chagua wewe."

Baba alinivika darubini shingoni. Bado ilikuwa na joto la uso wake.

Wa kwanza niliyemtazama alikuwa akifuatwa na mtoto. Wa pili, ule mfinyo wa ubavuni mbele ya nyonga ulikuwa umejaa. Niliijua maana yake: alikuwa na mimba. Wa tatu, wa nne, walizunguka wakanipotea. Niliegemeza viwiko kwenye paa la pikapu. Mpigaji hakuniharakisha. Mwishowe nilimwona mmoja mzee, sikio la kushoto limechanika, ubavu umebonyea, hana mtoto nyuma yake. Nikamtazama hadi nikawa sina sababu nyingine ya kungoja.

"Mwenye sikio lililochanika."

Bunduki ililia. Kundi zima liliruka, likaenda, na vumbi likabaki mahali pao.

Nilijua sheria. Nilipiga magoti kando ya aliyeanguka. Baba alisimama juu yangu akiniongoza, makali yaelekee juu, polepole, usiguse utumbo. Mafuta meupe yalizunguka figo, mengi kuliko nilivyotarajia kwa kiangazi kile. Halafu vidole vyangu vilifika kwenye kitu laini, nikakitoa kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na kiumbe mdogo kuliko kidole changu, na tayari alikuwa na kwato.

Nilimlaza kiganjani.

Baba alichuchumaa. "Huyo hakuna jicho linalomwona kutoka kwenye gari," akasema. "Hata langu la zamani." Akanitazama usoni. "Bado unataka?"

Nilifuta kisu kwenye mabaki ya nyasi, upande mmoja, kisha mwingine.

"Nataka."

Jioni, bandani, msimamizi alisema Jumamosi ijayo nije mimi, na mzee apumzishe macho. Alilisema hilo kwa upole, na upole wake ukawa mzito kuliko ukali. Baba akajibu, "Sawa." Alibeba shingo, mimi nikabeba ini mpaka kwenye ngazi, ambako jirani aliunusa mfuko na kusema punda wa leo ananukia vizuri.

Nilikuwa nimeamua sitarudi bila Baba. Nilimwambia hivyo katikati ya wiki, yeye akichonga, mimi nikipiga msasa.

"Kwa hiyo tukipoteze kiti wote wawili," akasema.

"Ni kiti chako."

"Mwaitu, sikiliza. Kikitoka humu ndani kabisa, mimi nitachonga nini? Chupa?" Aligeuza kipande cha mti mapajani mwake, akakipapasa kichwa. Kilikuwa chembamba kati ya masikio. Sikuwahi kumwona akichonga jike, madukani hawakuwataka. "Lilichanika sikio lipi?"

"La kushoto."

"Kutoka juu, au pembeni?"

Nilifumba macho nimkumbuke. "Pembeni. Kama jani lililoliwa na mdudu."

Akaanza kukata.

Jumamosi niliamshwa tena na srrr, kimya, srrr. Nilipotoka nyuma ya pazia Baba alikuwa amekifunga kisu ndani ya kipande cha gunia. Alikuwa na fulana yake ya nyumbani. Alinipa kisu, mpini ukielekea kwangu.

"Tazama masikio yao wakiwa wananywa," akasema. "Lipi wanalielekeza nyuma. Na ukirudi usinianzie na habari za nyama."

"Nitaanza na masikio."

"Nenda, gari litakuacha."

Nilitoka kwenye kibaraza. Jirani alikuwa akiwasha jiko, moshi wake wa kwanza ukipanda. Nilidhani Baba angesimama mlangoni anitazame nikishuka, lakini hakufanya hivyo. Alikuwa na kichwa cha swala kilichomngoja. Nikasikia mlango ukifungwa nyuma yangu, na komeo likiingia mahali pake.