Mgeni wa Barazani Kwetu

Mimi skuli niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mambo ya chuo kikuu msiniulize ya ndani. Niyajuayo ni ya mlangoni kwetu, hapa Kuze, Mombasa.

Ndugu yangu wa ziwa, maana mamaake ndiye aliyeninyonyesha mamangu alipougua, alikuwa daktari, tena si wa kudunga sindano tu, alikuwa mchunguzi. Miaka na miaka alipima damu za watoto akitaka kujua kwa nini homa ya malaria humtia huyu degedege na yule ikampita. Alianza na sisi mtaani. Akitokea na vioo vyake vidogo vya kupakia damu, watoto hutimka wakilia, "Mumiani! Mumiani yuwaja!" naye hucheka hata miwani ikamteremka. Mimi pia alinidunga kidole. Nikamwambia damu yangu ni kahawa tupu, haitamfaa. Lakini natoka nje ya njia.

Miaka ya tisini ilipoanza, wakati watu walipokuwa wakidai vyama vingi, alifanywa mkuu wa chuo kikuu kimoja huko bara. Tukamsomea maulidi. Mamaake peke yake hakufurahi. "Ameacha wagonjwa watakao kupona," alisema, "amekwenda kwa wasiotaka."

Haukupita muda, wanafunzi wakagoma, askari wakaingia mabwenini na marungu, chuo kikafungwa. Ndugu yangu akaamriwa awafukuze vijana waliouongoza mgomo, wengine wao wamebakiwa na mtihani wa mwisho wa udaktari. Akakataa. Akatangaza kwamba chuo kitafunguliwa Jumatatu fulani na wote watafanya mtihani. Kisha akaja Mombasa kumtazama mamaake, aliyekuwa akiugua sukari. Aliniambia waziwazi, "Jumatatu nisipokuwako, watamweka mwengine, na wale vijana ndio basi."

Siku ya pili yake akaja mtu mmoja tusiyemjua.

Vichochoro vyetu gari haiingii. Atakaye kuipeleleza nyumba, sharti akae. Basi akakaa, juu ya baraza yetu, na viatu vizito vya ngozi na gazeti asilogeuza ukurasa. Mimi nilikuwa nikishona kanzu chumba cha chini, cherehani imeelekea mlango. Nikamsalimu. Akaniitikia kwa kichwa. Hapa kwetu salamu haiitikiwi kwa kichwa.

Sasa mama, huyo mamaake ndugu yangu, maana nami ndivyo nimwitavyo, alikuwa na sheria yake: aketiye barazani kwake ni mgeni wake. Kuna mzee wa Bondeni aliyegombana na marehemu mumewe juu ya ukuta, hawasemezani miaka, siku moja akaketi hapo kupumzisha goti, akateremshiwa halua. Ndivyo alivyokuwa. Basi yule mtu naye akapelekewa kahawa, na mahamri na mbaazi.

Nikapanda juu. "Mama, yule si mgeni. Yule ni mtu wa serikali."

"Amekwambia?"

"Hajaniambia."

"Basi wewe shona kanzu."

Ndugu yangu akacheka. "Mwache anywe. Kahawa ya mama huwezi kumnyima mtu." Lakini alikuwa amesimama kando ya dirisha, si mbele yake.

Alasiri mama akateremka mwenyewe, akaketi kizingitini. Yule mtu safari hii akaitikia salamu sawasawa, akamwita mama, akamwuliza hali.

"Ni hii sukari, mwanangu."

"Hata mamangu anayo." Huenda ni kweli. "Na daktari atakaa nawe mpaka upate nafuu?"

"Wapi! Yuwaondoka Jumapili kwa gari la moshi. Jumatatu ataka awe kazini."

Sindano ya cherehani ikanivunjikia. Yule mtu akamaliza kahawa yake, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Alipokwenda zake nikasema, "Mama, umemwambia!"

"Mgeni ameniuliza habari za mwanangu. Nimdanganye na chakula changu kiko tumboni mwake?"

Nikamfuata ndugu yangu, nikamsihi aondoke kwa basi Jumamosi. Akatikisa kichwa. "Mama amesema Jumapili. Nikitoroka Jumamosi, atakayeulizwa Jumapili ni mama."

Jumapili ilipofika akambusu mamaake mkono, akashuka na mkoba wake. Yule mtu akainuka barazani. "Nikusaidie mzigo, daktari." Akapewa. Mama, dirishani, akaniambia, "Waona? Kijana ana adabu."

Nikawafuata hadi barabarani. Gari jeupe lilikuwa linangoja, mlango uko wazi, na ndani wamo watu wawili ambao hawakugeuka. Ndugu yangu akanitazama. "Mwambie mama nimepata wa kunifikisha stesheni."

Nikamwambia hivyo hivyo.

Jumatatu, katika habari za saa saba, redio ikataja mkuu mpya wa chuo. Wa zamani akashukuriwa kwa kazi yake. Habari za mtihani hazikutajwa. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaizima.

"Kama kazi wamempa mwengine," akasema, "basi wangu yuwarudi. Kesho nenda stesheni ukampokee."

Nikaenda. Gari la moshi likaingia asubuhi, abiria wakashuka, wapagazi wakabeba mizigo, mabehewa yakafagiliwa. Nikarudi nikamwambia labda ni kesho. Na kesho yake nikaenda tena. Ikafika hadi wapagazi, wakiniona, wakawa wananisogezea nafasi kwenye benchi lao, wala hawaniulizi namngoja nani.